Mada Mezani: Pikipiki Kubwa ya Safari Iliyotumika, Inunuliwe au Iachwe?

Mwaka 1976 BMW ya Ujerumani ilitoa R100RS, pikipiki ya barabarani iliyovishwa kava zima ambalo umbo lake lilipatikana kwa majaribio ndani ya handaki la upepo. Aliyeipanda aliweza kukimbia kutwa bila upepo kumsukuma kifua. Hapo likafunguka soko la pikipiki zenye injini ya mbio, kiti cha watu wawili, masanduku ya mizigo pembeni na tangi la kuvukia mikoa. Kawasaki ilileta GTR1000 mwaka 1986, Honda ikaja na ST1100 Pan-European mwaka 1990, na Yamaha ikafuata na FJR1300 mwaka 2001.

Nyingi kati ya hizo hazitengenezwi tena. ST1100 ilikoma mwaka 2002 ikaipisha ST1300, GTR1000 ikaagwa mwaka 2006, na FJR1300 iliondoka kwenye soko la Ulaya mwaka 2020, masharti ya moshi ya Euro 5 yalipokaribia kuibana. Anayezitaka leo hana budi kununua iliyopita mikononi mwa mwingine. Na bei ndiyo inayotia watu tamaa: mashine iliyokuwa ya wenye nazo inauzwa Uingereza na Japani kwa fedha ambazo mtu wa kipato cha kati wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzichanga kwa mwaka mmoja au miwili.

Je, azichange? Makala haya yanawaketisha watu wanne wa aina wanaopatikana kila penye mazungumzo ya pikipiki. Yupo mtetezi wa mada, mfanyakazi mwenye kazi Dar na familia Iringa. Yupo mpinzani, dada mhasibu asiyekubali hoja isiyo na risiti. Yupo fundi, mzee wa gereji asiyeegemea upande wowote. Na yupo mwenyekiti, aliyeanza kwa sharti moja: neno "nasikia" ni marufuku. Anayesifu ataje modeli, anayeponda ataje kifaa. Ili maneno yasitawanyike, FJR1300 iliwekwa kuwa mfano mkuu, na ndugu zake waguswe pale tu penye sababu.

Barabara inasemaje?

Mtetezi alisimama wa kwanza. "Ndugu mwenyekiti, tangi la FJR linabeba lita 25. Ukiiendesha kistaarabu inakupa kilomita 17 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kabla hujatafuta kituo. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Natia mafuta mara moja njiani, nafika bado nina akiba. Basi linanipotezea siku. Gari dogo linapanda mlima wa Kitonga likihema nyuma ya malori. Mashine yenye nguvu za farasi 140 na ushee inayapita malori mawili pale tu panaporuhusiwa, kisha inarudi upande wake kabla sijamaliza kuvuta pumzi."

Akaongeza hoja ya shafti. FJR haina cheni. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani ya chuma, kama ilivyo kwa ST1100, ST1300, GTR1000 na BMW za familia ya RT. "Vumbi la njiani halinihusu. Cheni ya pikipiki kubwa inataka kupakwa oili kila baada ya kilomita mia kadhaa na kukazwa mara kwa mara. Mimi sipaki, sikazi."

Dada mhasibu hakuinuka hata kitini. "Kaka yangu, hizo farasi 140 utazikimbizia wapi? Kila kijiji kati ya Chalinze na Iringa kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna tuta. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inapita kilomita 50 hivi kwenye makazi ya wanyama, na ukimgonga mnyama faini inakusubiri, kama umesalimika. Umenunua simba umfungie kwenye banda la kuku."

"Halafu kuna uzito," akaendelea. "Ikijazwa mafuta inakaribia kilo 290. Ikikulalia kwenye kokoto pale unapopisha lori, utainyanyua na nani? Na joto je? Foleni ya Ubungo saa kumi jioni, injini ya sentimita za ujazo 1,298 iko katikati ya mapaja yako."

Hapo fundi aliomba nafasi, kwa kuwa suala la joto ni la kiufundi. Alisema dada ana haki kwa FJR za awali, zile za 2001 hadi 2005: zilijulikana kwa kumtemea dereva hewa ya moto miguuni. Toleo la 2006 lilibadilishwa mkondo wa hewa ndani ya kava, na kilio hicho kikapungua. "Lakini kupungua si kwisha," alisema mzee. "Feni ya rejeta ikiwa mbovu, foleni ya Dar itakuambia ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mimi huiacha mashine iungurume imesimama mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka, sitoi ushauri wa kununua."

Kuhusu uzito, fundi alimuunga mkono mpinzani moja kwa moja. Kiti cha FJR za 2006 na kuendelea kina ngazi mbili, milimita 805 na 825 kutoka ardhini. Mtu ambaye nyayo zake hazikanyagi zote mbili pikipiki ikiwa imesimama aiache, hata akipewa bure.

Bei ya kwanza na bei ya pili

Mhasibu alifungua daftari lake. Hakutaja shilingi hata moja, kwa maelezo kwamba bei hubadilika kila wiki. Alichotaja ni orodha. Bei ya muuzaji. Nauli ya meli. Bima ya safari. Kodi za forodha, akikumbusha kwamba katika vitabu vya ushuru pikipiki za ujazo unaozidi sentimita 800 ziko kwenye kundi lao peke yao. Ada za bandari na za wakala wa kugomboa mzigo. Usajili. Bima ya barabarani. Matairi mawili. Na huduma ya kwanza ya mashine yenyewe.

"Watu wetu wanasoma mstari wa kwanza tu," alisema. "Wakifika wa nne wanaanza kukopa, wakifika wa nane wanaiuza kwa hasara. Na kabla ya yote, uliza TRA kama uko Tanzania, au KRA na KEBS kama uko Kenya, umri wa mashine unaokubalika na kodi yake, upewe jibu kwa maandishi. Muuzaji wa Yokohama akikwambia haina shida, haina shida kwake yeye."

Mtetezi alikiri kwamba hilo halina mjadala, lakini akauliza kama gari lililotumika halina mistari hiyo hiyo. Mhasibu akamjibu kwamba lina mistari hiyo, ila lina na spea Kariakoo. "Boxer ya bodaboda ikikatika kebo ya klachi usiku, asubuhi unainunua dukani karibu na kwako. FJR ikiharibika swichi ya ufunguo, utaagiza. Wakati unasubiri, umepaki mtaji wako sebuleni."

Akatoa mfano wa tairi. Boxer ya BM100 inatumia tairi za rimu ya 17, na FJR pia rimu yake ni 17. Asiyejua atadhani kuna unafuu. Lakini ya Boxer nyuma ni 3.00-17, wakati ya FJR ni 180/55 ZR17, pana mara mbili na zaidi, na imeandikwa 73W ubavuni. Namba 73 maana yake tairi inabeba kilo 365. Herufi W maana yake imepimwa kwa kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Hakuna namna ya kuibabaisha.

"Hapo dada umenisaidia," mtetezi akadakia. "Hicho kipimo cha 180/55 nyuma na 120/70 mbele ndicho cha pikipiki kubwa nyingi za miaka ishirini iliyopita. Siyo tairi ya FJR peke yake. Plagi, filta ya oili, pedi za breki, vyote vinatengenezwa na kampuni nyingi nje ya Yamaha. Na ukiagiza mashine, unaagiza na furushi la spea: pedi seti mbili, filta nne, plagi, sili za shokapu, betri. Linakuja kwenye kreti ile ile."

Mwenyekiti aliandika pointi kwa pande zote mbili.

Kilomita chache, mtego mkubwa

Hoja iliyowasha meza ilitoka kwa mhasibu, aliyesema kwamba kama angelazimishwa kununua angechukua yenye kilomita chache kuliko zote. Fundi alitikisa kichwa.

"Mwanangu, hapo ndipo wengi wanapozikwa. Pikipiki ya mwaka 2004 yenye kilomita elfu tisa haikutunzwa, ililala. Na mashine ikilala huharibika kimyakimya. Petroli inageuka gundi ndani ya mfumo wa mafuta. Oili ya breki inavuta unyevu hewani, inaanza kulika pistoni za breki kutokea ndani. Sili za shokapu zinakauka, siku ya kwanza kwenye matuta zinavuja. Tairi inaonekana ina meno mazuri kumbe mpira umekuwa mgumu kama ubao."

Alieleza namna ya kusoma umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anayesema "matairi mapya" akiwa na maandishi ya 1112 amejibu swali la uaminifu wake kabla hajaulizwa mengine.

Kwa GTR1000 ya Kawasaki, kulala kuna hatari zaidi. Ni mashine ya kabureta nne. Koki ya mafuta ikichoka na sindano ya kabureta isipoziba sawasawa, petroli inashuka polepole hadi kwenye silinda. Petroli haibanwi kama hewa. Anayebonyeza stata asubuhi anaisukuma pistoni dhidi ya kimiminika, na mkono wa pistoni unapinda. Tatizo hili linajulikana sana kwa wamiliki wa modeli hiyo. FJR inatumia injekta tangu toleo la kwanza, na ni moja ya sababu zilizomfanya fundi aiweke juu ya GTR1000 kwa mnunuzi asiye na uzoefu.

"Kwa hiyo unapendekeza yenye kilomita nyingi?" mwenyekiti aliuliza.

"Napendekeza yenye karatasi nyingi," alijibu fundi. "Injini ya FJR yenye kilomita laki moja, iliyobadilishwa oili kwa wakati na kupimwa tapeti, naichukua mbele ya ile iliyolala miaka kumi na miwili."

Kuhusu karatasi, mtetezi alikuja amejiandaa. Uingereza kila pikipiki ikifikisha miaka mitatu hulazimika kukaguliwa kila mwaka kwa mtihani uitwao MOT, na mkaguzi huandika usomaji wa dashibodi. Historia hiyo iko wazi kwa yeyote kwenye mtandao wa serikali ya huko, bure. Kinachotakiwa ni namba ya usajili. Mtu aliyekaa Tanga anaweza kuona kwamba mwaka fulani mashine ilisoma 31,000 na mwaka uliofuata ikasoma 19,000, akamwaga muuzaji kwa heshima. Anaweza pia kuona ilifeli kwa nini: breki, tairi, au kutu. Japani nako pikipiki za ujazo unaozidi 250 hupitia ukaguzi wa serikali, wa kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila baada ya miwili, kwa hiyo omba nakala ya vyeti.

"Ila kumbuka," mhasibu akachomekea, "dashibodi ya Uingereza inahesabu maili. Akikuambia elfu arobaini, wewe andika kilomita elfu sitini na nne."

Wote walikubaliana juu ya jambo jingine dogo lenye uzito. Uingereza na Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa ya mbele imeelekezwa upande unaotufaa. Pikipiki iliyotoka Ujerumani au Marekani taa yake imeinuliwa upande wa kulia, na usiku kwenye barabara zetu itawachoma macho wanaokuja mbele mpaka ibadilishwe.

Nusu saa na fundi

Mwenyekiti alimwomba fundi aeleze anavyokagua, kifaa kwa kifaa, bila haraka.

Kitu cha kwanza ni kuweka kiganja kwenye ubavu wa injini. Ikiwa ya moto kabla ya mnunuzi kufika, kuna kitu kinafichwa. Fundi anataka kuisikia ikiamka baridi, kwa kuwa hapo ndipo kikaza cheni ya taiming kilichochoka hupiga kelele kwa sekunde chache kisha kunyamaza. Kwenye FJR za 2001 hadi 2005 anasikiliza pia mgongano mwepesi wa valvu usioondoka injini ikipata moto; baadhi ya mashine za miaka hiyo zilichakaa mapema kwenye njia za valvu za moshi, na kulirekebisha hilo ni kufungua kichwa cha injini.

Pili ni umeme. Betri iliyopumzika inatakiwa isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikipandishwa mzunguko isome karibu 14. Ikibaki 12, haichaji. Kwa mashine za 2006 na miaka michache iliyofuata, mzee hutoa kava la pembeni akatafuta viunganishi ambako waya nyingi za athi zinakutana mahali pamoja. Anavitazama kwa tochi. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia au imeanza kuyeyuka, athi imekuwa ikichemka, na siku moja njiani taa, injekta na dashibodi vitazimika pamoja. Dawa yake ni waya nzuri na solda. Ubaya ni kutojua. Swichi ya ufunguo nayo ina historia: nchini Marekani Yamaha iliziita FJR za 2006 hadi 2009 zibadilishiwe swichi hiyo kwa kuwa ingeweza kukata umeme mashine ikiwa mwendoni. Muuzaji aulizwe kama ilibadilishwa, na aonyeshe karatasi.

Tatu ni mbele. Pikipiki inasimamishwa kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele linainuliwa, na usukani unazungushwa taratibu kwa vidole viwili. Ukinasa kidogo katikati, beringi za shingo zimeshachimbika. Shokapu zinafutwa kwa karatasi nyeupe. Zikiacha duara la oili, sili zimekwisha. Kisha anainama kutazama kizuizi cha usukani, kile kijichuma kinachozuia usukani usipite kiasi. Kikiwa kimepondeka, mashine ilishagonga kitu kwa mbele, hata kama kava linang'aa kwa rangi mpya.

Nne ni nyuma. Kwenye sanduku dogo la gia la gurudumu anafungua boliti ya oili na kuchovya kidole. Rangi ya kijivu laini inasameheka. Vipande vinavyometa na kukwaruza kati ya vidole havisameheki. Oili yenyewe haifiki hata robo lita, na wamiliki wengi huisahau kwa sababu wameambiwa shafti haitaki matunzo.

"Umesikia, kaka?" mhasibu alimgeukia mtetezi. "Si ulisema hupaki wala hukazi?"

Mtetezi alicheka, akanyoosha mikono. "Sipaki cheni, dada. Oili nitabadilisha."

Mwisho fundi anasoma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na kuilinganisha na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Herufi moja ikitofautiana, anarudisha ufunguo.

Ndugu zake wakoje?

Mtetezi aliulizwa kwa nini asichukue BMW R1150RT, ambayo sokoni haikosekani. Fundi ndiye aliyejibu. Mashine zile za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi zilifungwa breki za ABS zinazosaidiwa na pampu ya umeme. Ufunguo ukiwashwa, breki ni kali kupindukia. Umeme ukikatika, breki inayobaki ni kidogo sana. Mfumo wenyewe unataka oili ya breki ibadilishwe kwa ratiba na kwa utaratibu ambao gereji ya kawaida haiujui, na ukifa, kifaa chake ni ghali. Injini yake ni imara, na klachi yake ni kavu, jambo linalompa mmiliki uhuru zaidi wa kuchagua oili. Lakini kuibadilisha klachi hiyo ni kuikata mashine vipande viwili.

ST1100 ilipata sifa nyingi mezani. Injini yake ya V yenye silinda nne inadumu, tangi lake ni la lita 28, na hata mashine zilizokimbia sana bado ziko barabarani. Taiming yake ni ya mkanda, kwa hiyo mnunuzi aulize mkanda una umri gani. Achunguze pia kutu kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, hasa kama mashine imeishi Uingereza, ambako barabara hunyunyizwa chumvi wakati wa baridi. Zaidi ya hapo ni umri tu: iliyo changa kabisa imeshavuka miaka ishirini, na kabureta zake nne zinataka fundi mwenye subira.

ST1300 iliyoirithi ilizua mabishano ya aina nyingine. Mwaka 2007 vikosi vya polisi vya Uingereza viliiondoa kwenye doria baada ya taarifa za pikipiki kuyumba katika mwendo mkali. Mtetezi alisema polisi walizifunga masanduku na vifaa vizito na kuzikimbiza kuliko raia. Mpinzani akasema kwamba yeye naye amesikia mtetezi akijisifia mwendo. Mwenyekiti alifunga hoja kwa kusema anayeinunua asiipakie nyuma kupita kiasi na asiikimbize na masanduku.

Matunzo, au safari ya pili

Kufikia hapa mpinzani alibadili silaha. Hakupinga tena kununua. Aliuliza nani ataitunza. Mafundi wetu wamezoea silinda moja, alisema, na wana mkono mwepesi wa kukaza nati mpaka ilie.

Mzee alikubali kwamba hilo ndilo tatizo kuu, kubwa kuliko spea. Kupima tapeti za FJR ni kazi ya kila kilomita 40,000 hivi. Valvu ni 16. Tangi linatoka, kava linatoka, nafasi inapimwa injini ikiwa baridi kabisa. Ikipatikana valvu iliyobana, shafti za kemu zinatolewa na kijisahani cha chuma kilicho chini kinabadilishwa kwa chenye unene mwingine. Fundi wa mtaani husubiri kelele ndipo afungue, na hapo anakosea: nafasi ya valvu ya moshi ikipungua, injini hutulia, na valvu isiyofunga vizuri huungua huku mwenyewe akisifia ukimya.

Oili ina mtego wake. FJR na Honda zote mbili zina klachi inayoogelea kwenye oili ya injini. Oili ya gari iliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Kopo liwe na maandishi ya JASO MA au MA2. Lisipokuwa nayo, bei nafuu haitasaidia. Injini inameza kama lita nne, na filta hubadilishwa pamoja na oili.

Oili ya breki na ya klachi, aina ya DOT 4, hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea. Kulanti vivyo hivyo ina muhula wake, na isibadilishwe kwa maji ya bomba. Diski za breki zimechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, usomwe, upimwe. Upepo wa tairi za FJR ni 39 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na si kwa kupiga teke.

"Mafundi wa hivyo wapo wangapi?" mhasibu aliuliza.

"Wachache," fundi alisema. "Lakini kitabu cha ufundi cha modeli kinapatikana, na spana ya kupima mkazo inauzwa. Mwenye pikipiki akija na vitabu na kipimo cha mkazo kwa kila nati, hata kijana wa bodaboda ataifanya kazi vizuri. Asiyesoma ndiye anayevunja."

Uamuzi wa mwenyekiti

Mwenyekiti alihesabu hoja na kutoa uamuzi. Mada imepita, kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyomridhisha mpinzani asikate rufaa.

Mnunuzi awe mtu wa safari ndefu za mara kwa mara. Wa foleni za mjini peke yake atateswa na joto na uzito. Huyo anunue mashine ndogo. Wa safari ndefu achukue FJR1300 ya mwaka 2006 au baada yake, iliyotoka nchi ya kuendesha kushoto, yenye historia ya ukaguzi inayosomeka na viunganishi vya athi vilivyokaguliwa. Akiwa na fedha zaidi, ya 2013 na kuendelea ina dashibodi mpya na udhibiti wa kuteleza kwa gurudumu la nyuma, na ya 2016 na kuendelea ina gia sita. Fedha za kununua zisizidi theluthi mbili ya bajeti baada ya kodi kulipwa. Theluthi inayobaki iwe ya tairi, oili zote, betri, furushi la spea na bima kubwa. Na fundi atafutwe kabla ya pikipiki, akubali kwa mdomo wake kwamba atasoma kitabu.

Dada mhasibu alipiga kura ya hapana, akisema masharti manne hayatatimizwa na wanunuzi wengi. Mtetezi alipiga ndiyo. Fundi alikataa kupiga kura mpaka aione mashine ikiwa baridi.

Kwa msomaji anayefikiria kuanza: omba namba ya usajili na namba ya chesisi leo, kabla ya kuomba picha. Muuzaji akisita kuzitoa, mtafute mwingine.